Kivuli cha Saru Mwachofi

Kivuli cha Saru Mwachofi kilipoanza kusema, wajumbe wa Bunge la Jimbo la Mwangeni waliacha kunong'onezana. Sauti ilitoka kwenye vipaza vya ukutani, sauti ya mwanamke mtu mzima, ya taratibu, yenye mkwaruzo wa mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Ilisema kwamba yeye anaishi mlimani, chini kidogo ya minara ya ukungu. Kwamba maji ni ya Mungu, na watoto wa bondeni nao ni watoto. Na kwamba hawezi kulala vizuri kando ya tangi lililojaa huku mwenzake anakunywa maji yanayompinda mifupa.

"Chukueni sehemu," sauti ilisema. "Sisi tutabaki na ya kututosha."

Mkawasi Mwalugha alikuwa ameketi safu ya mbele ya viti vya wananchi. Alikuwa katibu wa Umoja wa Wakazi, kikundi kilichoupigania Mswada wa Maji, wa kuteremsha maji ya mlimani bondeni, tangu ulipokuwa wazo tu la watu wachache waliokutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la cherehani. Kando yake Wakesho, mdogo wake katika kazi na mama wa mtoto mmoja, alikuwa analia bila kutoa sauti. Mkawasi alimshika mkono. Hakumwangalia, kwa sababu angemwangalia naye angelia.

Saru mwenyewe hakuwa ukumbini, na hakuna aliyemtarajia. Kwa sheria ya Mwangeni, kila mkazi mwenye umri wa kupiga kura ana kivuli chake ndani ya mitambo ya jimbo, nacho ndicho kinachoitwa wakati wa kukusanya maoni ya wananchi. Kivuli hulelewa na maneno ya mwenyewe. Mtu akizungumza na muuguzi zahanati, akipiga simu ofisi ya ardhi, akilalamika kwa afisa wa soko, maneno yale hukifikia kivuli chake, nacho hujifunza anapenda nini, anachukia nini, na angejibuje akiulizwa jambo ambalo hajawahi kuulizwa. Zamani vikao vya maoni vilifanyika mjini, siku ya kazi, asubuhi. Waliohudhuria walikuwa wenye magari na wenye nafasi, pamoja na kundi la watu walioletwa kwa lori wakapewa fulana. Ni Umoja wa Wakazi uliodai vivuli, ili mama muuza mboga na mlinzi anayelala mchana wasikike nao.

Spika, mama mrefu aliyependa kusoma kila kitu kwa sauti ileile, alitangaza matokeo. Zaidi ya theluthi mbili ya vivuli vya mlimani vilikuwa vimekubali. Bila idhini ile mswada usingeweza kwenda mbele, maana maji yaliyokuwa yakigombewa yalikuwa ya mlimani. Sasa kilichobaki ni wajumbe kupiga kura Alhamisi ya wiki iliyofuata, na vyama vyote viwili, cha Mizani kilichokuwa madarakani na cha Daraja, vilikuwa vimeahidi kutopinga kile ambacho wananchi wamekikubali.

Nje, kwenye ngazi, Wakesho alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Nataka kumwona huyu mama," alisema. "Nataka nimpigie magoti."

"Acha nitangulie mimi," Mkawasi alimwambia. "Nitampelekea shukrani za Umoja. Wewe baki na mwanao Kalela."

*

Mkawasi alipanda mlimani na leso mpya, majani ya chai na sukari. Yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo ya pili ya mlima uleule, akaolewa bondeni na kuzeeka huko, na kila alipopanda hewa ya baridi ilimkumbusha harufu ya nguo za mama yake. Juu kabisa, ukingoni mwa msitu, minara ilikuwa imejipanga kama magoli ya mpira yasiyo na uwanja: nguzo mbili mbili, na kati yake nyavu za nyuzi nyembamba zilizopitishwa umeme mdogo. Ukungu ukija kutoka upande wa bahari, nyuzi ziliuvuta kama sumaku, matone yakaungana, yakashuka kwenye mifereji hadi matangini. Kazi ile haikuwa na kelele. Ukisimama chini ya mnara ulisikia mlio mdogo tu, kama wa nzi ndani ya chupa.

Alimkuta Saru Mwachofi jikoni anachambua maharagwe. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, na macho ya mtu asiyepitwa na jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Habari za bondeni?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Hatujambo. Hatuna neno, tunamshukuru Mungu."

Walizungumza kwa Kiswahili, kwa kuwa Mkawasi alikuwa amekuja kikazi, na ofisi huongea Kiswahili. Alieleza alikotoka, akatoa zawadi, kisha akatoa simu yake akamsikilizisha maneno ya ukumbini. Saru alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia juu ya ungo. Sauti ilipokwisha, alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa hajui kama alipigwa.

"Ni mimi huyo?"

"Ni kivuli chako, mama."

"Ana sauti yangu. Na hayo ya maji kuwa ya Mungu, kweli huwa nayasema." Alirudi kuchambua maharagwe. "Anaongea vizuri. Ana adabu."

Kulikuwa na kitu katika neno lile la mwisho. Mkawasi alikisogeza kibao chake karibu na moto na, bila kukusudia hasa, akauliza kwa Kidawida, lugha ya nyumbani kwao wote wawili: je, hayo ndiyo anayoyataka?

Saru aliinua uso. Alimtazama kama vile mgeni wa kwanza ameondoka na huyu ndiye ameingia sasa hivi.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza kwa Kidawida.

Mkawasi alimtajia baba yake, na kijiji chao, na shimo la mawe lililokuwa karibu nacho. Saru aliweka ungo chini.

"Basi njoo nikuonyeshe."

Nyuma ya nyumba palikuwa na njia ya kushuka kwenye migomba, na chini ya migomba palikuwa na chemchemi. Mkawasi alizijua chemchemi za mlima ule; utotoni alizikinga kwa mkono na mkono ulijaa mara moja. Hii ilikuwa inatoka kwa shida, ikilowesha jiwe tu kabla ya kupotea mchangani. Saru aligusa mti ulioinamia pale. Kuvumwani ya kijani iliyopaswa kuufunika ilivunjika mkononi mwake kama mkate mkavu.

"Ukungu ulikuwa unalala hapa," alisema. "Unalala juu ya miti, miti inaudondosha, ardhi inakunywa, na sisi tunapata chetu. Sasa wanaunasa kule juu kabla haujatufikia. Haya ya leo wanayochukua, tunavumilia. Wakiongeza, mimi nitakwenda kufia nyumba ya kupanga kwa mwanangu. Sitaki. Nikiambiwa nichague, nasema hapana, na nikiambiwa tena nasema hapana."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nasema kila siku." Hakuwa amekasirika, alishangaa tu. "Namwambia jirani. Namwambia mwanangu kwenye simu mpaka anachoka. Ulitaka nimwambie nani?"

"Muuguzi. Chifu. Watu wa ofisi."

"Hao wanakuja na Kiswahili chao, wanauliza habari za hapa. Mtu akikuuliza habari za hapa unamwambia nzuri. Muuguzi ana watoto bondeni. Nitamwambia usoni mwake kwamba nawaogopa watoto wake?"

*

Mkawasi hakushuka siku ile. Alilala kwa binamu yake, na kulipokucha akaenda nyumba kwa nyumba, akikaa jikoni, akiongea lugha ya jikoni. Si wote waliokataa. Mzee mmoja ambaye binti yake alikuwa ameolewa bondeni alisema wachukue yote kama wanataka, yeye atakunywa mvua. Lakini kwa kila aliyesema hivyo kulikuwa na wengi waliosema kama Saru, na baadhi yao walisema kwa maneno makali ambayo Mkawasi hakuwa ameyasikia tangu bibi yake afariki. Wote vivuli vyao vilikuwa vimeishukuru serikali.

Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa Ekidor, mhandisi kijana wa mitambo ya vivuli, akamkuta kwenye kantini ya jimbo mbele ya sahani ya ugali na sukuma. Ekidor alikuwa rafiki wa Umoja tangu mwanzo. Alimsikiliza hadi mwisho, chakula kikapoa.

"Vivuli vinajua Kiswahili na Kiingereza," alisema. "Lugha za nyumbani hazimo. Tulikusudia kuziongeza, kila mwaka zinapangiwa mwaka ujao."

"Zikiongezwa itakuwa sawa?"

"Itasaidia kidogo. Bado vitasikia yale yanayosemwa ofisini na kwenye simu za serikali tu. Ndani ya nyumba haviruhusiwi. Ninyi ndio mliosimama kidete kipengele kile kiingie, mama, na mlifanya vyema. Mimi nisingependa kuishi kwenye jimbo linalosikiliza jikoni."

"Kwa hiyo kivuli kinamjua mtu akiwa amevaa viatu."

"Ndiyo, akiwa amechana nywele." Ekidor alicheka, kisha akaisukuma sahani pembeni. "Mimi na mama yangu tunaongea Kiturkana tu. Hajawahi kuingia ofisi yoyote ya hapa. Kivuli changu, nadhani, hakijui kama nina mama."

"Kuna mtu yeyote aliyekosea, Ekidor?"

Alifikiri. "Hapana. Kila kitu kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa."

Mkawasi alitamani angejibiwa vingine. Kama kungekuwa na mwizi, yeye angejua la kumfanya.

*

Ofisi ya Umoja ilikuwa na misumari ukutani, nje ya mlango. Aliyekuja na kofia ya chama aliitundika pale kabla ya kuingia, na mle ndani mtu wa Mizani na mtu wa Daraja walikaa benchi moja wakibishana juu ya mitaro na taa za barabarani. Hawakumpigia debe mgombea yeyote, na aliyetaka kugombea alijiuzulu kwanza. Ndiyo maana bunge liliwasikiliza. Wakisema jambo ni la kweli, hakuna aliyeweza kuuliza wametumwa na nani.

Kamati ilikutana Jumatatu mchana. Mkawasi aliwaeleza yote aliyoyaona na aliyoambiwa. Bwana Mwang'ombe, mwenyekiti, aliyewahi kuwa msimamizi wa stesheni ya reli, alivua miwani akaiweka mezani.

Wakesho ndiye aliyeanza.

"Mama Mkawasi, naomba nikuulize. Kuna mtu aliyedanganya?"

"Hakuna."

"Kuna sheria iliyovunjwa?"

"Hakuna."

"Basi tunakwenda kumshtaki nani?" Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulimwuma Mkawasi kuliko kelele. "Kalela amepasuliwa mguu mmoja. Daktari amekataa kuugusa wa pili mpaka aache maji ya kisima, kwa sababu mfupa utapinda tena. Anakaa darasani wenzake wakicheza. Kwenye mtaa wetu watoto kama yeye nikiwataja majina mtasinzia. Na hao wa mlimani, maji yao yanapungua, sawa, ninaamini. Lakini wanakunywa na hayapindi mtu."

"Tukisubiri baada ya kura?" mmoja wa wanakamati aliuliza. "Mswada upite, halafu tudai vivuli virekebishwe. Hatutakuwa tumesema uongo. Tutakuwa tumechelewa tu kusema kweli."

Mkawasi alikuwa amelifikiria jambo lilelile njia nzima ya kushuka mlimani. Lilikuwa wazo zuri. Ubaya wake ni kwamba lilimhitaji Saru ahame kwanza.

"Tukisema," Bwana Mwang'ombe alisema taratibu, "mswada utarudi mwanzo. Uchaguzi uko karibu. Daraja watalibeba jambo hili mabegani wakizunguka nalo, watasema Umoja umeona wizi. Tumejenga jina letu kwa kutokuwa upande wa mtu. Linaweza kuisha kwa wiki moja."

"Na tusiposema?" Mkawasi aliuliza.

"Tusiposema litabaki, na sisi tutajua limebaki kwa nini."

Walibishana mpaka chai ikaja na kuondoka. Nusu walitaka kusema, nusu walitaka kunyamaza, na Bwana Mwang'ombe alikataa kuamua kwa kura yake. Mwishowe alisema, "Mkawasi, wewe ndiye utakayesimama Alhamisi kwa niaba yetu. Sitakutuma useme, na sitakuziba mdomo. Wewe ulikuwa kule, sisi hatukuwa."

Wakesho alitoka wa kwanza. Hakuufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha polepole, kama mtu anayeondoka chumba cha mgonjwa.

*

Jumatano jioni, jua bado likiwaka kwenye mabati, Mkawasi alikwenda nyumbani kwa Wakesho. Kalela alikuwa barazani anapaka rangi kuta za nyumba aliyoichora. Aliinuka kumletea mgeni kiti, akitembea kwa kuyumba, mguu mmoja umenyooka na mwingine umeinama nje kama upinde, na Mkawasi alijilazimisha kumwacha akilete mwenyewe.

"Asante, mjukuu wangu."

"Karibu, nyanya. Mama anafua."

Wakesho alitokea na mikono yenye povu. Alisimama mlangoni.

"Umeamua," alisema.

"Nimeamua. Nitasema nilichokiona."

"Na umekuja nikusamehe."

"Hapana, sikuja kwa hilo. Nimekuja ili usilisikie mara ya kwanza mbele za watu."

Wakesho alijifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja kisha upande wa pili.

"Kalela," alisema hatimaye, "mpe nyanya maji." Kisha akamgeukia Mkawasi. "Ni ya kisima. Ndiyo tuliyo nayo."

Mkawasi aliyanywa yote. Yalikuwa na ladha ya chuma na chumvi, ladha aliyoizoea kiasi kwamba miaka mingi hakuwa ameitambua.

*

Ukumbi ulijaa Alhamisi. Zamu ya Umoja ilipofika, Mkawasi alikwenda kwenye kipaza sauti na kuomba kitu ambacho sheria iliruhusu lakini hakuna aliyewahi kukiomba: kukiuliza maswali kivuli kilichokwisha kutoa maoni.

Spika alitazamana na karani wake, kisha akakubali. Kivuli cha Saru Mwachofi kiliitwa.

"Shikamoo, mama," Mkawasi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za bondeni?" Watu walicheka kwa kupenda.

"Nzuri. Mama, ile chemchemi ya nyuma ya nyumba yako ikoje siku hizi?"

"Iko vizuri. Tunamshukuru Mungu."

"Maji yakichukuliwa zaidi, kuna kitu unachokiogopa?"

"Hapana, mwanangu. Hatuna neno."

Mkawasi alikishukuru kivuli. Kisha aliwaeleza wajumbe habari za ile chemchemi, kwa maneno machache, na za kuvumwani iliyovunjika kama mkate. Aliwaambia kwamba Saru mwenye nyama na damu anakataa, na kwamba kivuli chake hakikudanganya, kwani ndivyo Saru anavyomjibu mgeni. Aliwauliza wajumbe, akiwatazama mmoja mmoja, ni nani kati yao anayeulizwa habari za nyumbani na mtu wa ofisi akaeleza habari za nyumbani.

Upande wa kulia aliwasikia watu wa bondeni wakiguna. Kuna aliyetaja jina lake na neno lisilopendeza.

"Umoja sasa unaupinga mswada?" Spika aliuliza.

"Hatuupingi, Mheshimiwa Spika. Tunauhitaji kuliko mtu yeyote humu. Jana nimekunywa maji ya nyumba ambayo mtoto wake amepinda miguu, na leo nimesimama hapa. Tunachoomba ni wenye maji waulizwe kwa vinywa vyao, kwa lugha yao, kabla ya kusemwa kwamba wametoa."

Mjumbe mmoja wa Daraja alisimama haraka. Alisema anaupongeza Umoja kwa kufichua namna serikali ya Mizani inavyowaibia wananchi sauti.

"Mheshimiwa, hakuna aliyeiba," Mkawasi alimjibu. "Vivuli mlivipitisha ninyi na hawa, siku moja, na sisi tulikuwa pale juu tunapiga makofi."

Mjumbe alikaa. Bunge lilibishana mpaka mchana, na mwisho mswada ukarudishwa mpaka wakazi wa mlimani watakapoulizwa ana kwa ana. Mkawasi alipotoka, Wakesho hakuwa kwenye ngazi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mtu alimwaga ndoo ya maji ya kisima mlangoni mwa ofisi, na yalipokauka yakaacha alama nyeupe. Muuza mkaa wa mtaani, ambaye Mkawasi alimjua kwa miaka mingi, aliacha kuitikia salamu yake. Wanachama kadhaa waliondoka, wengine wakiwa wa Mizani na wengine wa Daraja. Bwana Mwang'ombe alisema angalau wameondoka bila upendeleo.

*

Wakazi wa mlimani waliulizwa kwenye banda la kukusanyia mboga, siku ya mapumziko, makreti ya kabichi yakiwa yamegeuzwa kuwa viti. Afisa wa jimbo alifungua kikao, kisha akakaa pembeni. Mkawasi alikuwa mkalimani.

Wakesho alikuja. Alipanda peke yake, akakaa kwenye kreti la mbele, mkoba juu ya magoti. Alikuwa na jina la mlimani alilorithi kwa bibi yake, lakini alizaliwa na kukulia bondeni na lugha ile hakuijua.

"Hukuja na Kalela," Mkawasi alimwambia.

"Nilitaka kumleta. Halafu nikaona watamwonea huruma kwa Kiswahili." Hakumtazama. "Nimechoka na hiyo."

Saru Mwachofi ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema kwa Kidawida, akimwelekea Wakesho moja kwa moja, na hakupamba kitu. Mkawasi alisikia kila neno na akajua angeweza kulilainisha kidogo, kama alivyofanya mara nyingi maishani akiwa kati ya watu wa ndoa yake na watu wa kwao. Safari hii alilitoa lilivyo.

"Anasema hajakukaribisha. Anasema bondeni mna barabara, hospitali na umeme, na hakuna siku mliyopanda kuuliza kama yeye anahitaji chochote. Anasema maji haya yakiisha hakuna atakayelia huko kwenu. Anasema hapana."

Wakesho alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa upepo wa vumbi, lakini hakuinamisha kichwa.

"Mwambie ni kweli," alisema. "Sikuwahi kuja. Mwambie nilimsikia kwenye ule ukumbi nikalia, nikadhani nimeshampata, kumbe hakuwa yeye. Mwambie mimi simwombi anipende. Nina mtoto ambaye mguu wake mmoja umenyooka na mmoja bado, na nitaendelea kuja hapa hata akinifukuza, kwa sababu sina pengine pa kwenda. Useme hivyohivyo."

Mkawasi alisema hivyohivyo. Sauti yake ilikatika mahali pa mguu, akairudia sentensi tangu mwanzo ili iwe nzima.

Saru alibaki amesimama. Aliuliza kitu kifupi.

"Anauliza mtoto mmoja anakunywa kiasi gani kwa siku. Si kufua wala kuoga. Kunywa, na chakula chake kupikiwa."

"Kidumu cha lita tano kinatosha," Wakesho alisema. "Kinabaki."

Saru aliposikia, aliwageukia wenzake. Alisema kidumu kimoja kwa kila mtoto, na kiangazi minara izimwe ili msitu unywe kwanza. Alisema hilo ndilo analoweza kulisikia, na zaidi ya hapo asiambiwe. Mtu wa nyuma alimpinga. Mwingine akampinga yule wa nyuma. Wanawake wawili walisimama pamoja wakionyesha pande mbili tofauti za mlima, na mzee mwenye binti bondeni alipiga kreti kwa fimbo akitaka naye asikilizwe. Banda lote lilikuwa linaongea kwa pamoja, kwa sauti za juu, na afisa wa jimbo alimtazama Mkawasi kwa wasiwasi.

Wakesho alimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini.

"Wanasema nini?"

"Wanagombana."

"Kwa ajili yangu?"

Mkawasi alisikiliza kidogo zaidi, apate hakika.

"Hapana," alisema. "Wanagombania bomba la kushuka bondeni lipite kwa nani."